Ndege Iliyopigwa Kiwi

Karatasi ya mwalimu ilisema ndege ijengwe kwa mti wa balsa, na neno hilo moja likamzungusha Albano kama mtu aliyetumwa na mganga. Wauza mbao wa Kibamba walimwambia wana mninga, mkongo, paini na saiprasi, achague. Mbezi kijana mmoja akamuuliza kama hiyo balsa inachemshwa au inasagwa. Akaulizia na Mikocheni, kwenye banda la wachongaji alikokuwa akifanya kazi tangu hajaoa, na huko ndiko alikochekwa hasa.

"Balsa ndo nini?" Wilfred, mwenzake wa bandani, aliacha kupiga msasa. "Mmakonde mzima wa Newala, mti usioujua wewe ataujua nani?"

"Wa huko kwao. Mwepesi. Wanatengenezea ndege za kuchezea."

"Ndege tena? Umeacha vinyago?"

"Ya mtoto bwana. Shuleni kwao wametaka."

"Basi mchongee ya mpingo, uwakomeshe!"

Banda zima likacheka. Albano naye akacheka, maana ukikasirika bandani umekwisha, watakutania mpaka Pasaka. Lakini moyoni alikuwa amefura. Watalii walikuwa hawaji, vinyago vimepangwa pale vinakula vumbi, na wachongaji wenyewe walikuwa wanapeana zamu ya kuvipangusa. Ile ndege ndiyo kazi ya kwanza kwa muda mrefu ambayo mtu alimjia nayo akiwa anaihitaji kwelikweli. Hilo hakumwambia Wilfred.

Aliyeihitaji ni Skola, bintiye, Skolastika kwa jina la ubatizo. Alikuwa darasa la sita katika shule moja ya binafsi yenye ukuta wa njano, akisomeshwa kwa ufadhili wa parokia. Shule ilitangaza mashindano: kila mtoto ajenge ndege ya mti na karatasi, pangaboi lake lizungushwe na mpira uliosokotwa, betri marufuku. Ndege mbili zitakazoruka mbali kuliko zote, wenye nazo wataiwakilisha shule Mwanza, na watapelekwa huko kwa ndege.

"Kwa ndege ya kweli, baba," Skola alisema siku aliyoleta ile karatasi. "Ile ya kupanda ngazi. Tunachukuliwa wawili tu. Praygod lazima atakuwa mmoja, kila mtu anajua. Imebaki nafasi moja."

"Hiyo moja ni yako."

"Utanisaidia?"

Hapo ndipo palipomgusa mzee wa watu. Tangu Skola aingie shule ile hakuwahi kumuuliza baba yake jambo lolote la shule. Madaftari yalikuwa ya Kiingereza, yakipita mbele ya Albano kama magari ya wakubwa, anayasogezea mkono tu yapite. Leo limekuja jambo la kisu na mti.

"Nikusaidie?" akasema. "Mtoto we, hapa umefika kwa wenyewe."

*

Ya kwanza aliijenga kwa paini. Aliikwangua mpaka akaiona kuwa nyembamba, akaipa mabawa ya ubao laini, akaichongea pangaboi zuri lenye mkunjo, akafunga mpira wa manati chini ya tumbo lake. Skola akalizungusha pangaboi kwa kidole mpaka mpira ukajaa mafundo, akaiachia. Ndege ikaanguka pale pale miguuni kama embe bovu.

"Ni nzito, baba."

"Nzito? Hii?" Albano akaiokota, akaipima kiganjani. "Hii nikiitia mfukoni nasahau kama nimebeba kitu."

Wala hakuwa anasema uongo. Mkono ulioshinda na mpingo miaka yote hiyo, mti ambao ukiutupa majini unazama moja kwa moja, utahisi nini ukishika kipande cha paini? Kwa Albano, kila mti usiokuwa mpingo ulikuwa mwepesi. Akaipunguza tumbo, akaipunguza mabawa, ikaanguka tena. Akatengeneza nyingine kwa msufi. Hiyo ilienda hatua chache ikainamisha pua, ikajichomeka kwenye mchanga, bawa likang'oka.

"Pua imezidi," alisema Skola.

"Pua haijazidi. Wewe ndiye umeirusha vibaya."

"Mie nimeirusha kama ilivyoandikwa."

"Karatasi haina mikono!"

Walibishana hivyo kila jioni, na kila jioni ndege ilianguka. Mpira wa manati ulikuwa mgumu, unavunja vijiti. Wakahamia kwenye rababendi, zikawa zinakatika na kuwachapa vidole. Gundi ilishika vidole vyao vizuri kuliko ilivyoshika mbao. Bernadeta, mama wa nyumba, ambaye alikuwa akikaanga samaki na kuwauza barazani, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Baba Skola, hivi hii nyumba imekuwa karakana? Nimekuta vumbi la mbao kwenye unga wa kukaangia. Mteja anatafuna kibao anadhani mwiba!"

"Vumilia mama, ni shughuli ya shule."

"Shule ndiyo ilisema ukalie meza yangu? Na hao wa bandani ulishawaaga kwamba umeacha kazi?"

"Bandani kuna kazi gani?" Albano akapaza sauti, kisha akajuta, kwa sababu Skola alikuwa anasikia.

*

Mwalimu wa sayansi, Mwalimu Bupe, aliwaita wazazi shuleni kuwapa maelekezo. Alikuwa binti wa Tukuyu, mdogo wa umri, mwenye sauti ya kutuliza watu.

"Wazazi wangu, kazi hii ni ya mtoto," akasema. "Nyie mshikilie pale anapowaambia mshikilie. Mkimaliza nyie, mmemnyang'anya."

Wazazi wakaitikia "Sawa mwalimu" kwa pamoja, na Albano akaitikia kwa nguvu kuliko wengine.

Nje, baba yake Praygod, bwana mmoja aliyeitwa Stanley, alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa gari lake anawaonyesha watu boksi. Ndani mlikuwa na vijiti vyeupe vimelala katika vyumba vyao, karatasi nyepesi, mpira mrefu wa manjano na pangaboi jekundu la plastiki. Lilikuwa limetoka China, na huo mti mweupe ndio balsa yenyewe.

"Naomba niushike," Albano akasema.

Stanley akamtazama mikono kwanza. "Fundi seremala?"

"Mchongaji."

"Aa, vile vinyago! Mie nilidhani siku hizi vinatolewa na mashine." Akampa kijiti kimoja, kwa shingo upande. "Taratibu, mzee. Ni laini sana."

Albano akakishika. Kwa mara ya kwanza alishika mti asiusikie mkononi. Akampa na Skola, naye akakibinyabinya kwa kucha, akakinusa, akakirudisha.

"Samahani ndugu," Albano akasema chini chini, "ikibaki hata chakavu, vile vipande vya kutupa..."

"Ah, hivi vimehesabiwa bwana. Kikipungua kimoja mtoto atakosa mkia." Akafunga mlango wa gari. Wazazi waliokuwa wamesimama pale wakaanza kuangalia simu zao.

Njiani Albano alikuwa anatembea mbele, haraka, na Skola anamkimbilia nyuma na begi lake.

"Baba. Baba, nisikilize basi. Ule mti mie naujua."

"Unaujua wapi?"

"Si kama ule wa Bi Somoe? Ule wa kuanikia nguo. Ukiubinya unaingia hivyo hivyo."

Albano akasimama. Bi Somoe, jirani yao mtu wa Lindi, alikuwa na ua wa mkonge, na mkonge ukishazeeka unatoa mlingoti mrefu katikati, unakauka, ndani yake unakuwa sponji tupu. Huo mlingoti mkavu ndio uliokuwa umebeba kamba yake ya nguo. Albano alikuwa akiupita kila siku ya Mungu na hakuwahi kuuhesabu kuwa mti.

*

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba mwanangu. Na huyo baba'ako amekuja kufanya nini na uso huo wa kuomba moto?"

"Tunaomba huo mlingoti, jirani," Albano akasema.

"Upi? Huu uliobeba nguo zangu? Makubwa haya!" Bi Somoe akaweka beseni chini. "Fundi mzima, miti yote ya Tanzania imekuishia, umebaki kuninyang'anya mie wa kuanikia kanga?"

"Nitakuchimbia mrunda mpya, mnene, leo leo."

"Na mwiko. Mwiko mkubwa, wa mninga. Nina jirani mchongaji, halafu nasonga ugali kwa mwiko wa dukani. Aibu ni yako, si yangu!"

Albano akaahidi mwiko. Akachimba shimo, akasimamisha mrunda, akahamisha kamba na nguo zikiwa juu yake, na Bi Somoe amesimama pembeni anamwelekeza kama kibarua. Watoto wa mtaa walikuja kutazama. Basi akaondoka na mlingoti wake begani, mrefu kupita nyumba, na kwa kuwa ulikuwa mwepesi namna ile, kila aliyekutana naye alimcheka kwamba amebeba ua.

Safari hii Skola ndiye aliyeshika usukani. Alitandika karatasi ya mwalimu mezani, akaweka mawe kwenye pembe zake, akawa anapima kwa rula na kuweka alama kwa penseli. Albano akapewa kazi mbili tu: kupasua mlingoti kuwa vijiti vyembamba, na kuchonga pangaboi. Kupasua alipasua vizuri sana, kwa kisu alichokinoa mpaka kikanyoa malaika za mkono. Lakini ule mti ulimkera. Haukubali kung'ara, hauna mshipa, ukipitisha msasa unatoa manyoya kama kifaranga.

"Baba, acha msasa!"

"Nalainisha hapa tu. Tumbo lina makovu."

"Acha likae na makovu yake. Msasa unalikondesha, litavunjika."

"Skola, mie na msasa tumeanza kujuana mama yako hajazaliwa... yaani hujazaliwa wewe."

Bernadeta akacheka kule kwenye kikaango chake, na Skola akacheka, na Albano akaweka msasa chini akiwa amenuna. Mabawa yakavikwa ile karatasi laini inayokuja ndani ya maboksi ya viatu, Skola aliiomba kwa muuza viatu wa stendi. Ilibandikwa vibaya, ina mikunjo, gundi imetoka vidonge vidonge pembeni. Rababendi zikaunganishwa moja kwa nyingine. Ikaonekana mkia ni mzito, Skola akadondosha nta ya mshumaa puani. Ikazidi, akakwangua. Ikapinda kushoto, akakunja kona ya mkia kidogo. Jioni mbili hazikutosha, na Albano alikwishaanza kusema kwamba Wazungu wana uongo wao, pale Ijumaa Skola aliposokota pangaboi, akaiinua, akaiachia bila kuisukuma.

Ikaenda. Haikuanguka! Ilipanda juu ya kamba ya Bi Somoe, ikapita paa la choo, pangaboi linalia vrrr kama nyuki, ikazunguka kwa raha zake, ikashuka polepole na kutua kwenye tuta la mchicha. Bernadeta aliacha samaki waungue akapiga vigelegele. Bi Somoe akatoka na kanga kifuani akiuliza nani kaolewa. Skola alimrukia baba yake shingoni kama alipokuwa mdogo, na Albano, hebu tuseme ukweli, machozi yalimtoka akasingizia moshi.

*

Jumamosi asubuhi wanafunzi walitakiwa shuleni mapema kupanga viti. Wazazi wangefika saa nane.

"Baba, uilete wewe," Skola alisema akifunga viatu. "Nikiingia nayo kwenye bajaji na wenzangu watanivunjia. Uifunge kwenye kanga. Usiifanye chochote, baba. Ilete hivyo hivyo."

"Nimesikia."

"Haki?"

"Mtoto we, nenda utachelewa!"

Bernadeta naye alikuwa ameshatoka kwenda Kunduchi kuchukua samaki. Albano akabaki peke yake na ile ndege mezani.

Akaitazama. Mchana kweupe ilikuwa mbaya, jamani. Ilikuwa na rangi ya jivu, ina manyoya, karatasi imekunjamana, gundi kama kamasi. Akaifikiria imewekwa kando ya ndege ya yule bwana wa boksi, yenye pangaboi jekundu. Akamsikia Stanley anauliza, ya nani hii? Ya yule mchongaji. Katika maisha yake yote Albano hakuwahi kuruhusu kitu kitoke mikononi mwake kabla hakijang'ara. Bandani kwao hiyo ndiyo sheria ambayo mtu hufundishwa kabla hajafundishwa kushika patasi: kinyago kisichopigwa msasa na kiwi hakijazaliwa, na ukikipeleka mbele za watu umejivua nguo. Marehemu baba yake angemzaba kibao.

Nitagusa pangaboi tu, akasema. Hilo ni langu, nimelichonga mie.

Akachukua kopo la kiwi nyeusi na kitambaa, akalipaka, akalisugua. Likang'ara. Sasa tumbo likaonekana baya zaidi kuliko mwanzo. Akalipaka na tumbo. Mlingoti ukanywa kiwi yote, ukabaki umefifia. Akaongeza, ukanywa. Akaongeza tena, maana mchongaji hakomi mpaka aone uso wake, na kopo likaisha, akafungua lingine. Kisha yakabaki mabawa, na karatasi haipigwi kiwi, kwa hiyo akatafuta vanishi iliyokuwa imebaki tangu walipopaka kitanda. Akapitisha mara moja, akapitisha tena. Akaiweka juani juu ya banda la kuku.

Aliinyanyua kidogo kuipima. Mkono wake ukamwambia ni nyepesi kama jana. Alifikiri kuijaribu, akaona vanishi haijakauka, itashika mchanga, iharibike.

Bernadeta alirudi na ndoo ya samaki kichwani akaikuta pale.

"Umefanya nini?"

"Nimeimalizia."

"Si mtoto amekwambia usiiguse?"

"Mtoto ni mtoto. Kazi haitoki nyumbani kwangu uchi. Hebu ishike, uone kama imeongezeka."

Bernadeta akaishika, akaigeuza. "Mie sijui ndege. Najua inanuka kiatu." Akatua ndoo. "Lakini ungemuuliza kwanza, baba Skola. Hata kwa kupiga simu kwa mwalimu."

"Nimuulize mtoto wa darasa la sita namna ya kumalizia mti?"

Bernadeta akaingia ndani kuoga.

*

Uwanja wa shule ulikuwa umepigwa chokaa, mistari ya kuhesabia umbali. Ndege ya Praygod ilienda mbali mno, ikavuka mistari yote, watu wakasimama. Nyingine nyingi zilikufa njiani. Moja ya binti mmoja mnene aliyekuwa anaogopa hata kuishika ilifika nusu ya uwanja, na Skola, aliyekuwa amesimama kwenye foleni, akamnong'oneza mama yake kwamba hiyo ndiyo ya kuipita. Alikuwa anatabasamu. Ya kwake Ijumaa ilikwenda mara mbili ya pale.

"Skolastika Albano!"

Albano akampa bunda lake. Skola akafungua kanga mbele ya watu wote.

"Looo!" watu wakasema. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, mabawa ya rangi ya asali, jua linachezea juu yake. Kweli ilikuwa nzuri. Wazazi walisogea, simu zikatolewa. Stanley mwenyewe akaja akainama. "Hii si ya dukani? Mzee, hii umeifanyaje?" Mwalimu mkuu akashuka jukwaani kuja kuiona. Albano akasimama wima, mikono nyuma, na kwa muda huo mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kibamba.

Kisha akamwona mtoto wake. Skola alikuwa ameinyanyua, na mkono wake ukashuka kidogo. Akaipandisha tena polepole, akaishusha, kama mtu anayepima nyama aliyopunjwa. Akagusa bawa. Lilikuwa limejikunja ukingoni kama jani lililopigwa na jua.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo.

"Imependeza, eeh?"

Skola alisokota pangaboi, muda mrefu, mpaka rababendi zikawa zinalia, akaongeza tena. Mwalimu Bupe akamwambia inatosha. Akaiinua, akaiachia.

Ikaanguka miguuni pake.

Uwanja ukasema "Aaah." Kila mtoto alikuwa na nafasi ya pili. Skola akasokota tena, na safari hii akaisukuma kwa nguvu zake zote, kitu ambacho hawakuwahi kukifanya. Ikaenda hatua chache, ikajipindua kwa lile bawa lililojikunja, ikapiga mgongo chini. Bernadeta akaziba mdomo. Mwalimu Bupe akaandika, na bila kuinua kichwa akaita jina linalofuata.

Albano alisogea. "Skola, mie nilidhani... Mwanangu, mkononi haikuwa na uzito wowote, nakuapia."

"Sawa baba."

"Ni upepo pia. Leo kuna upepo."

"Sawa baba."

Angelia, angepiga kelele, angemwambia neno baya, Albano angejua la kufanya. Akabaki ameshika ile kanga, anaikunja na kuikunjua. Kule mbele, yule binti mnene alikuwa amekumbatiwa na ndugu zake.

Majina ya watakaokwenda Mwanza yakatajwa, watu wakashangilia. Ndipo mwalimu mkuu akarudi kwenye kipaza sauti, mama wa watu mwenye nia njema kabisa.

"Wazazi, hatuwezi kumaliza bila kutaja hii." Akainua ile ndege nyeusi juu. "Haikuruka, ni kweli. Lakini kwa uzuri? Kwa umaridadi? Kamati imeamua kutoa cheti maalumu cha ndege nzuri kuliko zote. Skola, njoo mwanangu. Njoo uwaeleze wazazi ulivyoitengeneza."

Makofi yakapigwa. Skola akapanda jukwaani, sare yake imepigwa pasi vizuri, soksi juu. Akapokea cheti, akapokea ndege, akasogezewa kipaza sauti.

"Sikuitengeneza mimi," akasema. "Ametengeneza baba yangu. Baba yangu ni mchongaji."

Watu wakapiga makofi zaidi, wengine wakageuka kumtafuta huyo baba. Mzee mmoja akampiga Albano begani akamwambia amezaa. Bernadeta hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama mumewe, na Albano hakuthubutu kumgeukia.

Skola akashuka ngazi, akapita katikati ya viti moja kwa moja mpaka mbele ya baba yake. Akapiga goti, kama mabinti wanavyofundishwa kuwapigia wageni wa heshima, akamkabidhi cheti na ndege kwa mikono miwili.

"Hongera, baba," akasema. "Ni vyako."

"Mtoto ana adabu huyo!" akasema mama mmoja nyuma, na wengine wakaitikia kwamba kweli, watoto wa namna hii wamekwisha mjini.

Albano akavipokea. Akasema asante, maana mtu akikupa kitu kwa adabu namna ile, utasema nini kingine.